Kamati ya Ugonjwa Kabla ya Kamati ya Mazishi



Magomeni ukitangaza unaoa, wiki mbili haziishi una mwenyekiti wa kamati, katibu, mhazini, mtu wa chakula, mtu wa ukumbi na mtu wa muziki. Linafunguliwa grupu la WhatsApp lina watu mia na themanini, na kila jioni mhazini anabandika orodha: nani kaahidi, nani katoa, nani kapunguza deni. Ukifa ni hivyo hivyo, tena fasta zaidi. Turubai linafungwa mtaani kabla jua halijazama, viti vinashushwa, masufuria yanatoka kwa majirani, daftari la rambirambi liko mezani na kijana wa kuandika majina kakaa. Hakuna anayeuliza afanye nini. Kila mtu anajua pa kushika.

Sasa ugua. Ugua saratani, ugonjwa wa miezi na miaka, wa kwenda na kurudi hospitali mpaka makonda wanakujua. Kamati hakuna. Mhazini hakuna. Zipo pole nyingi, zipo emoji za mikono iliyokunjwa, na ipo ile sentensi ambayo mimi binafsi nimeichoka: "Mkihitaji chochote msisite kusema."

Familia inayouguza haisemi. Mama wa watu ambaye kashinda kwenye benchi la hospitali tangu saa kumi na mbili asubuhi, karudi saa kumi jioni na mgonjwa anayetapika, hana nguvu ya kukaa chini aandike orodha ya mahitaji, kisha agawe majukumu kwa watu waliosema "msisite". Kusema nako ni kazi. Na kwa sisi wa Pwani kuna aibu yake: mtu anaona akisema "hatuna nauli ya kesho" amewavua nguo watu wa nyumbani kwake.

Hoja yangu leo ni hiyo. Tunao utaratibu wa harusi na tunao wa msiba. Wa ugonjwa hatuna, na sisi vijana wa chama, tunaojua kupanga watu kwenye kata na mitaa, ndio wa kuuanzisha.

Kwanza ukubwa wa jambo. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 40,000, na waliofariki walikaribia 27,000. Saratani ya mlango wa kizazi peke yake ilichukua zaidi ya 10,000 ya hao wagonjwa wapya. Maana yake ni wanawake: mama zetu, mashangazi, mama wadogo, watu ambao ndio nguzo za nyumba. Akilala yeye, anayenyanyuka kumuuguza mara nyingi ni binti, na binti huyo ana kibanda Kariakoo, au anauza vitenge vya watu Msimbazi, au yuko chuo. Siku anayoshinda hospitali ni siku asiyoingiza kitu. Kwa hiyo nyumba moja inapoteza vipato viwili kwa mpigo, wakati gharama zinapanda.

Ongeza na hili la Dar kuwa Dar. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa sehemu pekee nchi nzima ya kupigwa mionzi. Leo Bugando kule Mwanza nao wanatoa, lakini bado watu wanatoka mikoani kuja Ocean Road. Wakija wanafikia wapi? Kwa mdogo wao Magomeni, Manzese, Buguruni. Nyumba zetu hizi mnazijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo uani, wapangaji sita. Mgonjwa kutoka Songea analala kitandani, mwenyeji na watoto wanahamia mkekani, na hakuna mtu anayejua atakaa wiki ngapi. Huyo mwenyeji naye ni familia ya mgonjwa. Tukienda kumuona mgonjwa tunampa mkono mgonjwa, tunamsahau mwenye chumba.

Sasa tufanye nini.

Ningeanza na usafiri, maana hapo ndipo watu wanakatisha matibabu. Mionzi si kama dozi ya malaria. Mtu anaweza kupangiwa aende Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki kadhaa mfululizo, na kila siku anarudi nyumbani. Kutoka Magomeni Mapipa unapanda mwendokasi mpaka Kivukoni, kisha unatafuta bajaji ikupitishe upande wa Ikulu mpaka getini. Kwenye ramani ni karibu. Kwa mtu mwenye kidonda, au aliyechomwa na mionzi sehemu ambazo hata kukaa ni shughuli, kusimama kwenye basi la asubuhi limejaa mpaka mlangoni ni adhabu. Na mvua ikinyesha ya maana, Jangwani panajaa maji, barabara ya Morogoro inafungwa, Magomeni inakuwa kisiwa. Kila mwaka tunapiga picha mafuriko ya Jangwani tunaiponda serikali, na ni haki yetu. Lakini kuna mtu siku hiyo alikuwa na zamu ya mionzi.

Msaada wa hapo ni wa wazi. Tafuta dereva mmoja wa bajaji, kijana wa kijiweni mnayemfahamu, mpatane bei ya wiki nzima, kamati imlipe yeye moja kwa moja. Mgonjwa asiguse hela. Dereva ajue mapema kwamba Jangwani pakifungwa anazungukia Kawawa, anakata Kinondoni, anavuka Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, akishuka tu yuko kwenye barabara ileile ya ufukweni inayokwenda hospitali. Ni mbali zaidi, hela inaongezeka, ndiyo maana bei ya siku ya mvua mnapatana kabla ya mvua. Na awepo mtu wa kumsindikiza. Hapa sihitaji hela yako, nahitaji asubuhi yako. Sisi wanafunzi tuna ratiba zenye matundu. Mtu ambaye Jumatano hana kipindi mpaka saa nane anaweza kubeba faili, kupanga foleni, kukaa na mgonjwa, na mama au binti yake akapata siku ya kwenda kwenye biashara au kulala tu.

Chakula nacho tunakikosea. Tunabeba soda, biskuti na maembe kwenye mfuko kwa sababu ndivyo kuona mgonjwa kulivyozoeleka. Mtu aliye kwenye dawa za saratani mara nyingi mdomo una vidonda, harufu ya kitunguu kikikaangwa inamtapisha, leo anataka uji wa ulezi kesho hautaki hata kuuona. Ulize kwanza. Halafu, na hili watu hawalifikirii, mgonjwa anakula vijiko vitatu, lakini nyumba ina watoto wanne wanaokula sahani nzima. Pika wali maharage na mchicha, weka kwenye hotpoti, peleka saa kumi na mbili jioni, acha hotpoti, ondoka. Usikae kusubiri kupewa maji. Anayejua kupika apike siku moja kwa wiki, asiyejua amlipe mama ntilie wa mtaani apeleke. Mkaa wa debe, mtungi wa gesi, ndoo za maji siku maji yanapokatika, luku, daftari la mtoto wa darasa la tano: vyote hivyo ni matibabu, kwa maana vikikosekana hela ya vipimo ndiyo inayokwenda kuvinunua.

Kuhusu watoto niongeze. Mtoto mwenye mama mgonjwa anaachwa na kila mtu kwa wema, watu wanasema "wana mambo mengi pale, tusiwasumbue." Mchukue Jumamosi, mwende Coco au mcheze nyumbani kwenu, mfulie sare, mfundishe hesabu. Ni saa nne. Nyumba inapata saa nne za kimya.

Na tuwe na adabu ya kutembelea. Zile dawa zinaweza kushusha kinga ya mwili. Mtu mwenye mafua abaki kwao, apige simu. Kundi la watu kumi na tano na fulana za chama chumbani kwa mgonjwa, kila mmoja anamsimulia habari za shangazi yake aliyekufa kwa ugonjwa huohuo, kiukweli ni bora msingekuja. Watu wawili, dakika ishirini, mkono, stori za mtaani, mmetoka. Mgonjwa hajaacha kuwa mtu. Anataka kujua Simba na Yanga imeishaje.

Twende kwenye hela. Hapa msijifanye hatujui. Machi 2020 viongozi wetu walipohukumiwa faini iliyozidi shilingi milioni 300, ni nani aliyewatoa gerezani? Buku mbili mbili na buku tano tano za kwenye simu, ndani ya siku chache. Septemba 2017, Mheshimiwa Lissu alipomiminiwa risasi Dodoma na kukimbizwa Nairobi, wanachama tulichanga kutoka kila kona. Chama hiki kinajua kuchangishana kuliko taasisi nyingi nchini. Ujuzi huo ukiushusha kwenye mtaa ukampa mama wa Magomeni nauli ya miezi miwili, hatujapungukiwa kitu.

Ila kuna namna. Ipatikane namba moja tu ya kupokelea, ya mtu mmoja, jina linaloonekana ukituma lifahamike kwenye grupu, na isiwe simu ya mgonjwa wala ya anayemuuguza. Sababu mnazijua: simu ikiwa ya mgonjwa, kila ndugu mwenye shida anajua kuna hela, na kila aliyetuma elfu tano anapiga kuuliza imefika? Mhazini aandike kilichoingia na kilichotoka, kila Ijumaa, bila kusoma nani katoa kidogo. Ile staili ya harusi ya kutaja wenye madeni hadharani ibaki hukohuko harusini. Toeni kwa vitu vyenye majina: bajaji wiki hii, kipimo fulani, luku, kodi. Kodi hasa. Mwenye nyumba wa Magomeni anataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na saratani haijawahi kuomba radhi kwa mwenye nyumba. Nimeona familia ikipambana kulipa vipimo huku mkataba wa chumba unaisha mwezi ujao, na ndugu wote macho yao yapo kwenye vipimo. Kamati nzuri ina mtu mmoja anayeangalia tarehe ya kodi.

Msichange zote mwezi wa kwanza. Habari ikitoka, wiki mbili za mwanzo simu inalia mpaka inaisha chaji. Mwezi wa nne kimya. Bora elfu tatu kila mwezi kwa mwaka kuliko elfu thelathini ya siku ya kwanza ikifuatiwa na kupotea. Tena mnakumbuka tozo ya miamala ya Julai 2021, serikali ilipokuwa inakata mpaka hela ya mchango wa mgonjwa? Tulipiga kelele, ikapunguzwa, mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma. Kelele ile ilikuwa msaada kwa wagonjwa pia, hata kama hatukuiita hivyo.

Kuna kitu hakina gharama kabisa na tunakisahau: damu. Wagonjwa wengi wa saratani wanaongezewa damu, na ndugu wanaambiwa walete wachangiaji. Hapo ndipo utaona familia inahangaika kwenye magrupu saa tano usiku. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Mashariki kipo Mchikichini, Ilala, ukitoka Magomeni ni pua na mdomo. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne, ukiwa na miaka 18 na kuendelea, kilo zisizopungua 50 na afya njema. Tawi lenye vijana arobaini likijipanga kwa zamu, mtaa hauwezi kukosa mtu. Tunamwaga jasho kwenye mikutano, na pinti moja haitatushinda.

Naingia kwenye eneo langu, karatasi. Wengi mnadhani msaada wa mwanasheria unaanza kesi ikifika mahakamani. Kwa familia inayouguza unaanza na mambo madogo ya kuchosha. Hospitali ya rufaa inataka barua ya rufaa. Mtu akiruka kituo cha afya na Mwananyamala, anarudishwa. Asiyeweza kulipa anatakiwa aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na ataulizwa barua ya serikali ya mtaa. Watu hawajui kwamba mlango huo upo, au wanajua wanaona aibu kuugonga. Kijana wa chama anayejua ofisi ya mtendaji ilipo, hata kama mtendaji na mwenyekiti wa mtaa ni wa upande wa pili, aende aifuatilie barua hiyo. Usiende na siasa siku hiyo. Nenda na kitambulisho na heshima, mwite mjumbe "mzee wangu" kama unavyomwita siku zote, rudi na muhuri. Nakala za kila cheti, kila risiti, kila majibu ya kipimo ziwekwe kwenye faili moja, na picha zake kwenye simu ya mtu mmoja. Faili likipotea kwenye daladala, mgonjwa anaanza upya vipimo ambavyo mtaa mzima ulichangia.

Kazini je? Mgonjwa mwenye ajira rasmi ana haki ambayo waajiri wengi hawaitangazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32, inampa likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Msomeeni. Kuna watu wanaandikishwa barua za kuacha kazi "kwa hiari" wiki moja baada ya majibu ya hospitali. Asisaini chochote kabla mtu hajakisoma. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka utaratibu wa watoa msaada wa bure, wapo mjini hapa, watafuteni.

Sasa someni kifungu cha 34 cha sheria hiyohiyo, mnisaidie kuelewa nchi hii. Kinatoa siku nne zenye malipo kwa mfanyakazi ambaye mtoto wake anaumwa au amefariki, au aliyefiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu yake. Rudia hapo taratibu. Mtoto wako akiumwa, siku nne. Mama yako akifa, siku nne. Mama yako akiumwa? Sheria imenyamaza. Mume wako akiumwa, imenyamaza vilevile. Yaani hata Bunge liliwaza kama kamati zetu za mtaani: kuzika kuna siku zake, kuuguza mtu mzima hakuna. Binti anayempeleka mama yake kwenye mionzi wiki tano anakula likizo yake ya mwaka, kisha anaanza kudanganya kwamba yeye ndiye anaumwa, kisha anaonekana mtoro. Na hapo tunazungumzia mwenye mkataba. Machinga wa Kongo na mama wa mbogamboga sokoni hawamo hata kwenye mjadala. Hili lingepaswa kuwa dai letu, tena dai la kuandikwa kwenye ilani: likizo ya kuuguza, kwa mzazi na mwenza, yenye siku zinazolingana na ugonjwa wenyewe.

Kuna mambo mawili mengine ya sheria, kwa haraka. Mali zinauzwa sana kipindi cha ugonjwa, na zinauzwa kwa hasara kwa sababu dalali ananusa shida. Nyumba ambayo wanandoa wanaishi haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Ni kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Shemeji akija na mnunuzi wake mkononi, mke wa mgonjwa ajue hilo. La pili ni hati ya kumpa mtu uwezo wa kushughulikia mambo yako ukiwa huna nguvu ya kutembea, na wosia. Najua wosia kwetu watu wanauona kama uchuro. RITA wanaandika na kuhifadhi, ni suala la mtu mzima mwenye akili timamu kupanga mambo yake, awe mgonjwa au asiwe. Anayefaa kulianzisha si wewe rafiki wa binti yake. Ni mzee wa familia au mtu wa dini anayeaminika pale nyumbani. Kazi yako ni kumwambia huyo mzee kwamba linawezekana.

Sasa siri. Habari za afya ya mtu ni zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, lakini hata isingekuwepo, ustaarabu ungetosha. Kupiga picha mgonjwa amelala, kichwa hakina nywele, ukaiweka mtandaoni na bendera ya chama pembeni na maneno "vijana tumeguswa", ni kumfanya mtu bango. Upande wa pili wanafanya hivyo na sukari zao kilo mbili mbili kila uchaguzi ukikaribia, na tunawacheka. Kama kuchangisha kunahitaji picha, mgonjwa mwenyewe aseme ndiyo, achague picha yeye, ajue itafika wapi. Na akisema hataki mtu yeyote ajue ni saratani, grupu liitwe jina lolote na mdomo ufungwe.

Ingawa ningependa tuzoee kulitaja. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Mzee Mwinyi, Februari 29, 2024, taifa liliambiwa wazi: saratani ya mapafu. Kenya mwezi Julai 2019 waliwapoteza Bob Collymore wa Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso, wote kwa saratani, ndani ya mwezi mmoja. Okoth alikuwa ametangaza mwenyewe miezi kabla kwamba anaumwa. Ugonjwa uliokaa Ikulu hauna sababu ya kunong'onwa Magomeni kana kwamba ni laana au mtu karogwa.

Na kwa kuwa watu hunong'ona, waganga hupata nafasi. Wenye umri wangu tulikuwa watoto 2011, misururu ya magari ilipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Mwasapila kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa za hospitali. Leo ni mafuta, ni maji, ni juisi ya majani inayouzwa kwa lipa namba. Usiende kugombana na bibi wa nyumba ile kuhusu dawa yake, utafukuzwa na msaada wako wote utakwisha hapo. Maombi ni haki yao na yanawatia nguvu. Omba kitu kimoja tu: chochote atakachokunywa daktari aambiwe, na zamu ya mionzi isirukwe. Wengi wanakubali, kwa sababu hujawadharau.

Najua mtu ataniandikia: dada, unatugeuza kuwa shirika la hisani, kazi ya chama ni kuiondoa serikali iliyoshindwa. Nimelifikiria. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na mpaka utekelezaji ufike kwenye chumba cha mpangaji wa Mwembechai, tutadai, tutahesabu, tutauliza. Mwaka huohuo 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, ile ya shilingi 50,400 kwa mwaka, ulisitishwa, na wazazi wa watoto wagonjwa walijua maana yake kabla ya wachambuzi wa redioni. Hizo ni hoja za kisiasa na hatuziachii. Lakini anayeweza kusema kwa ushahidi kwamba mfumo unawaumiza watu ni yule aliyekaa kwenye foleni na mgonjwa, akaona ni dirisha gani linafungwa saa ngapi na karatasi gani inarudishwa. Ukishafanya wiki tano za bajaji hutahitaji kuandikiwa hotuba ya afya. Na mama yule hana wiki za kusubiri tushinde uchaguzi.

Hapa Magomeni tumeanza na nyumba moja, kwa ridhaa yao. Tuko kumi na mmoja, mhazini ni kijana wa duka la simu ambaye hana hata kadi ya chama, na hatujali. Bajaji imepatikana. Chakula kimepata watu wa siku sita, Jumapili wanakula kwa bibi yao. Wasindikizaji wapo Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa. Jumatano bado haina mtu, na safari inaanza saa kumi na mbili asubuhi.